Opoku mfalme, Opoku mfungaji: namna ya kusoma majina ya Waakan

Machi 1978 fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ilipigwa Accra. Uganda, ikiwa na Phillip Omondi, ilikuwa imefika hatua ambayo haijaifikia tena hadi leo, na mbele yake walisimama wenyeji, Ghana. Mechi iliisha mabao mawili kwa bila, yote mawili ya mtu mmoja: Opoku Afriyie. Ghana ikatwaa ubingwa kwa mara ya tatu na kombe lenyewe ikalichukua moja kwa moja. Huko Kumasi, mji mkuu wa Waasante, aliyekalia kiti cha enzi wakati huo alikuwa Otumfuo Opoku Ware II. Na mkuu wa nchi, aliyeingia kwa mapinduzi ya 1972, alikuwa Jenerali Acheampong, jina ambalo mshambuliaji Ben Acheampong alikuwa amelitangaza Afrika nzima Ghana ilipobeba kombe hilo hilo mwaka 1965.

Mfalme Opoku, mfungaji Opoku. Mtawala Acheampong, mfungaji Acheampong. Hata leo, majina kama Osei, Agyemang au Boateng yakitokea kwenye orodha ya kikosi, hakosekani mtu wa kusema kwamba kijana huyu ni wa damu ya kifalme. Nataka kulifumua jambo hili, kwa sababu kosa hilo si dogo. Linaugeuza juu chini utaratibu ambao Waakan wenyewe wameujenga kwa karne nyingi. Kwao jina hutoka kwa baba, na kiti cha enzi hupitia kwa mama. Ndiyo maana jina la mfalme, likiwa peke yake, halithibitishi ufalme.

Waakan ni familia kubwa ya makabila: Waasante, Wafante, Waakyem, Waakuapem, Wabono na Wakwahu nchini Ghana, pamoja na Wabaoulé na Waagni ng'ambo ya mpaka, Côte d'Ivoire. Jina kamili la Mwakan si jina na ubini kama tunavyojaza kwenye fomu. Ni tabaka kadhaa zilizopangwa pamoja, na kila tabaka lina chanzo chake na njia yake ya kusafiri. Anayezichanganya ndiye anayeishia kudhani kila Osei ni mwana wa ikulu.

Tabaka la kwanza ni siku ya kuzaliwa. Mtu huja duniani na kra, yaani roho yake, na roho hiyo ina siku. Kwa Waasante mvulana wa Jumapili ni Kwasi, wa Jumatatu Kwadwo, wa Jumanne Kwabena, wa Jumatano Kwaku, wa Alhamisi Yaw, wa Ijumaa Kofi, wa Jumamosi Kwame. Wasichana, kwa mpangilio huo huo, ni Akosua, Adwoa, Abena, Akua, Yaa, Afia na Ama. Sisi wa Afrika Mashariki hatushangai sana, maana tuna akina Juma, Mwajuma, Hamisi na Jumanne. Tofauti ni kwamba kwetu mzazi huchagua kumwita mtoto hivyo au asimwite. Kwa Mwakan hakuna anayechagua: mtoto anakuwa na jina la siku kabla ya mtu yeyote kukaa kikao cha kumpa jina. Hata kitu kitakatifu kuliko vyote kwa Waasante, Kigoda cha Dhahabu, ambacho kwa masimulizi yao kuhani Okomfo Anokye alikishusha kutoka angani mbele ya Osei Tutu wa Kwanza, kina jina la siku. Kinaitwa Sika Dwa Kofi, kwa kuwa kilishuka Ijumaa.

Kwa hiyo Kofi wa ikulu na Kofi wa uwanjani wanashirikiana Ijumaa tu. Mfalme Kofi Karikari, aliyetawala tangu 1867 hadi 1874 na ambaye magazeti ya Uingereza yalimwandika kana kwamba jina lake ni kahawa, alikuwa wa Ijumaa. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Ijumaa ya tarehe 8 Aprili 1938. Mwanamieleka Kofi Kingston, Mghana wa kuzaliwa aliyetwaa mkanda wa ubingwa wa WWE mwaka 2019, alizaliwa 14 Agosti 1981, nayo ilikuwa Ijumaa. Orodha ya wafalme wa Asante yenyewe imejaa siku za juma: Osei Kwadwo, Osei Kwame, Osei Yaw, Kwaku Dua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kobbie Mainoo, kiungo wa Manchester United na timu ya taifa ya England. Jina lake kamili ni Kobbie Boateng Mainoo. Kobbie ni ufupisho unaozoeleka wa Kwabena, au Kobina kwa Wafante, jina la Jumanne. Alizaliwa Stockport tarehe 19 Aprili 2005. Fungua kalenda: ilikuwa Jumanne. Kijana wa kaskazini mwa England amebeba siku yake ya kuzaliwa mbele ya ulimwengu mzima, na watazamaji wengi hawajui.

Lakini usiitumie kalenda kama rungu. Kwadwo Asamoah, aliyechezea Juventus kwa miaka sita, alizaliwa 9 Desemba 1988, siku ya Ijumaa, ilhali Kwadwo ni wa Jumatatu. Mambo kama haya hutokea sana, kwa kuwa mtoto anaweza kupewa jina la babu au mjomba likiwa zima, pamoja na siku ya babu huyo ndani yake. Mzee mwingine alikwenda kinyume, akaiamini siku kuliko maandishi. Padri aliyembatiza Kwame Nkrumah aliandika kwamba mtoto alizaliwa 21 Septemba 1909. Tarehe hiyo ilikuwa Jumanne. Nkrumah alieleza baadaye kwamba tarehe ya padri ilikuwa ya kukadiria, na kwamba kwa kuwa yeye ni Kwame, yaani wa Jumamosi, yaelekea alizaliwa tarehe 18. Hata hivyo serikali iliendelea na ile ya padri.

Kisha kuna Wabaoulé, ambao kalenda yao imesogea kwa siku moja. Kouassi, jina lile lile la Kwasi wa Jumapili, kwao ni wa Jumatatu. Kouadio ni wa Jumanne, Yao wa Ijumaa, Koffi wa Jumamosi, Kouamé wa Jumapili. Jumatano yao ina jina ambalo Waasante hawana, Konan. Ndilo alilobeba Henri Konan Bédié, rais wa Côte d'Ivoire tangu 1993 hadi 1999, na ndilo lililo mgongoni mwa Ghislain Konan, beki wa kushoto wa kikosi kilichotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Abidjan Februari 2024. Wanashirikiana Jumatano, basi.

Na si kila linalofanana ni la Kiakan. Kobe Bryant hakuwa Kwabena. Wazazi wake walilitoa jina hilo kwenye nyama maarufu ya Kobe, Japani. Kwame Brown, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa NBA mwaka 2001, ana jina la Kiakan halisi, ila alizaliwa Jumatano. Wamarekani weusi wengi waliwapa watoto jina Kwame kwa kuipenda Afrika, na kwa heshima ya Nkrumah, bila kuangalia siku. Hilo nalo ni njia halali ya jina kusafiri.

Sasa tuje penye kiini. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, alfajiri, mtoto hutolewa nje na kupewa jina. Mkubwa anayeongoza hudondosha maji ulimini mwa mtoto, kisha kinywaji kikali, akimwambia kwamba ikiwa ni maji aseme maji, na ikiwa ni pombe aseme pombe, ili akue mtu wa kusema kweli. Jina lenyewe hulitoa baba. Ni haki yake na ni wajibu wake, na katika mila ndiyo njia ya kukiri hadharani kwamba mtoto ni wake. Baba huchagua jina la mtu anayetaka kumuenzi: baba yake mwenyewe, shangazi, rafiki aliyemsaidia, mwalimu, hata mfalme. Hapo ndipo Osei, Opoku, Owusu, Boateng, Asamoah na Frimpong hutokea.

Ukoo, kwa upande mwingine, ni wa mama. Mtoto huingia katika abusua ya mama yake, hurithi kwa mjomba, na akiwa wa nyumba ya kifalme ni kwa sababu mama yake ni wa nyumba hiyo. Osei Tutu wa Kwanza, aliyeiunganisha Asante na kuivunja nguvu dola jirani ya Denkyira kwenye vita vya Feyiase mwaka 1701, hakumrithi baba yake. Alimrithi mjomba wake Obiri Yeboa, mtawala wa Kwaman. Na aliyemfuata, Opoku Ware wa Kwanza, alikuwa mjukuu katika ukoo wa mama yake, si mwanawe.

Fikiria matokeo yake. Mfalme wa Asante alikuwa na wake wengi, na watoto wengi. Watoto hao wote aliwapa majina yeye, kwa kuwa ndiye baba. Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumrithi kwa sababu tu ya kuwa mwanawe, maana mama zao walitoka koo nyingine. Walipewa heshima na vyeo vyao ikuluni, wakaoa, wakazaa, wakawaita watoto wao kwa jina la babu yule mfalme. Ndivyo majina ya kifalme yalivyomwagika kutoka ikuluni kwenda mashambani, migodini, shuleni na mwishowe viwanjani, huku kiti chenyewe kikibaki ndani ya ukoo wa Oyoko, kikipita kwa mabinti. Jina la mfalme likikaa kwa mtu, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba limemfikia kwa njia isiyo ya urithi wa kiti kuliko ile ya urithi.

Kwa hiyo Tony Yeboah, mzaliwa wa Kumasi aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Ujerumani mara mbili akiwa na Eintracht Frankfurt, anashiriki jina na Obiri Yeboa, na hatuhitaji kumtafutia kiti. Samuel Osei Kuffour anabeba mawili kwa mpigo. Osei ni la waasisi wa Asante. Kuffour ni lile lile la John Agyekum Kufuor, aliyeapishwa kuwa rais wa Ghana Januari 2001, mwaka ambao beki huyo alitwaa Ligi ya Mabingwa na Bayern Munich, kisha akafunga bao pekee dhidi ya Boca Juniors katika Kombe la Mabara.

Tabaka jingine ni mpangilio wa kuzaliwa. Mensa ni mvulana wa tatu, Annan wa nne, Nkrumah wa tisa, Badu wa kumi. Kofi Atta Annan, basi, ni jina linalosomeka lote: wa Ijumaa, pacha, wa nne. Pacha wake wa kike aliitwa Efua, Ijumaa ya Kifante. Mfalme Mensa Bonsu alitawala Asante tangu 1874, na John Mensah alikuwa nahodha wa Black Stars, timu ya taifa ya Ghana. Nambari tatu haina cheo. Tena Mensah limetapakaa hadi kwa Waga na Waewe ambao si Waakan. Danny Welbeck anaitwa Daniel Nii Tackie Mensah Welbeck, na hapo Nii Tackie ni la Waga wa Accra, waliokuwa na mfalme wao Tackie Tawiah.

Na lipo jina la kiti, ambalo ndilo hasa la kifalme, kwa sababu mtu hulipokea siku anapoketishwa. Asantehene, yaani mfalme wa Asante, wa sasa, Osei Tutu II, alizaliwa Kwaku Dua. Jina la mwasisi alilichukua mwaka 1999. Opoku Ware II alikuwa wakili akijulikana kama Jacob Matthew Poku kabla ya 1970. Mengine yaliongezwa kwa tendo: Osei Bonsu aliongeza Bonsu, yaani nyangumi, baada ya majeshi yake kufika baharini mnamo 1807. Mfalme mwenye kisa cha huzuni ni Agyeman Prempeh, ambaye Waingereza walimkamata mwaka 1896 na hatimaye kumpeleka Ushelisheli. Huko alikutana na wafungwa wengine wa himaya, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, na hakurudi Kumasi hadi 1924. Sasa mtazame Emmanuel Agyemang-Badu, aliyepiga penalti ya ushindi dhidi ya Brazil mwaka 2009, Ghana ilipokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20. Agyemang ni la Prempeh, Badu ni la mtoto wa kumi. Na winga Christopher Bonsu Baah anakimbia na nyangumi wa Osei Bonsu jina lake likitajwa.

Kilichovuruga usomaji ni ubini. Zamani baba aliyeitwa Kwabena Owusu angeweza kuwa na mtoto Yaw Boateng na mwingine Akua Serwaa, na jirani asione ajabu. Shule za wamisionari na daftari za wakoloni zikataka jina moja la familia, na jina ambalo lilikuwa zawadi kwa mtoto mmoja likagandishwa, likawa la wajukuu wote. Siku hizi Annan hahitaji kuwa wa nne, wala Badu wa kumi. Kikosi cha Ghana cha Kombe la Dunia 2010 kilikuwa somo zuri. Kulikuwa na Asamoah Gyan, aliyegonga mtambaa panya kwa penalti dhidi ya Uruguay na ambaye bado anaongoza Waafrika kwa mabao ya Kombe la Dunia, sita. Kulikuwa pia na Kwadwo Asamoah. Kwa mmoja Asamoah limekaa mbele, kwa mwingine nyuma, na hawana udugu. Jina hilo lilikuwa pia la Asamoa Nkwanta, jemadari wa Asante katika vita vya 1874.

Tahajia nayo inaficha udugu wa majina. Gy husomwa karibu na j yetu, na ky husomwa ch, kwa hiyo Akyeampong na Acheampong ni jina moja. Ni hilo hilo la Accompong, kaka wa Cudjoe, kiongozi wa watumwa waliojikomboa milimani Jamaika na kuwalazimisha Waingereza kutia saini mkataba mwaka 1739. Mji wa Accompong ungalipo. Cudjoe mwenyewe ni Kwadwo. Cuffy, shujaa wa taifa la Guyana aliyeongoza uasi wa 1763, ni Kofi. Walinyang'anywa lugha, ardhi na ndugu, na siku zao za kuzaliwa zikabaki.

Jina jingine la kulitazama kwa uangalifu ni Nana. Watu husikia Nana Opoku Ampomah, winga, wakadhani ametajwa kwa cheo. Nana ni heshima kwa machifu, kweli, lakini pia ni babu na bibi, na mtoto aliyepewa jina la babu mara nyingi huitwa Nana nyumbani kwa sababu haifai kumtaja mzee kwa jina tupu.

Turudi kwa Opoku, maana safari ya jina hili ndiyo inayonigusa kuliko zote. Masimulizi ya Wabaoulé yanasema kwamba katika karne ya 18, baada ya ugomvi wa urithi Kumasi, binti wa kifalme aitwaye Abla Pokou aliongoza watu wake kukimbilia magharibi. Walipofika mto Comoé uliofurika, alimtoa mwanawe mchanga kwa mto ili watu wavuke. Watu hao ndio Wabaoulé. Pokou ni Opoku kwa matamshi ya upande ule. Karne mbili baadaye mshambuliaji wa Côte d'Ivoire, Laurent Pokou, aliifunga Ethiopia mabao matano katika mechi moja ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1970 huko Sudan, na jumla ya mabao yake 14 katika mashindano hayo haikupitwa hadi Samuel Eto'o alipoipita mwaka 2008. Malkia, mfalme wa Kumasi, mfungaji wa Abidjan na yule aliyewanyima Waganda kombe mwaka 1978, wote kwa jina moja lililovuka mto na mpaka wa wakoloni.

Kuna waliobaki na jina bila ukoo. Tarehe 23 Juni 2010, Johannesburg, Kevin-Prince Boateng wa Ghana na Jérôme Boateng wa Ujerumani walikuwa ndugu wa kwanza kukabiliana kwenye Kombe la Dunia. Baba yao ni mmoja, Mghana. Mama zao si Waakan. Kwa hesabu kali ya mila, baba amewapa jina zuri la Kiakan, lakini abusua hawana, kwa kuwa hiyo hutolewa na mama peke yake.

Na hapa ndipo ubini uliwaumiza zaidi wanawake. Majina mengi ya kiume yana umbo lake la kike, mara nyingi kwa kiishio kama -waa au -maa: Ofori na Oforiwaa, Boateng na Boatemaa, Frimpong na Frempomaa. Msichana alipewa lake. Siku hizi hubeba umbo la kiume la baba, kama Elizabeth Addo aliyekuwa nahodha wa Black Queens, timu ya taifa ya wanawake ya Ghana. Mkimbiaji wa mita 800 wa Ghana, Akosua Serwaa, ni mmoja wa wachache waliosimama kwenye mstari wa kuanzia na jina la kike mwanzo hadi mwisho. Serwaa hilo hilo lilikuwa la Nana Afia Kobi Serwaa Ampem II, malkia mama wa Asante. Mwaka 1999, Opoku Ware II alipofariki, kumteua mrithi ilikuwa kazi yake, naye akamtaja Kwaku Dua, mwanawe wa kumzaa.